Kamba Ndani ya Mshono

Mto wa kukalia wa Kijapani, zabutoni, una mbele na nyuma. Asiyejua huona kipande cha kitambaa kilichojazwa pamba, akautupa popote sakafuni. Mwenye nyumba huutandika kwa mpango. Kwanza, si mraba kamili: kipimo kilichozoeleka ni sentimita 55 kwa 59. Pili, ganda lake ni kitambaa kimoja kirefu kilichokunjwa katikati, kikashonwa pande tatu. Upande wa nne ni mkunjo mtupu usio na mshono, na huo ndio unaoelekezwa mbele, magotini kwa mgeni. Kwenye pembe hutoka vishada vya nyuzi, na katikati pana fundo linalopenya mto mzima ili pamba isihame. Paipingi, ile kamba iliyovishwa kitambaa mshononi, haipo kabisa.

Mto wa kochi la Kiingereza hufanya kinyume chake. Mshono wake umezungushiwa kamba iliyovishwa kitambaa, mara nyingi cha rangi nyingine kuliko ya mto, ili hata aliyesimama mlangoni auone. Kile ambacho Mjapani amekigeuzia nyuma ya mgeni, Mwingereza amekivika nguo na kukitembeza pande zote nne.

Ni rahisi kusema kila watu na ladha yao, tukaishia hapo. Lakini ladha haielezi mengi. Nikipanga mito, mikeka na mikoba ya mila mbalimbali pamoja, naona paipingi inafuata mkasi: nani amekata, amekata wapi, na ukingo uliokatwa umeachwa katika hali gani. Wanaosuka kitu hadi kikafikia umbo lake hawaihitaji. Wanaofuma jora zima, kisha wakalikatakata na kuliunga upya, hujikuta na kingo zinazochambuka, na hapo ndipo kamba inapoingia mshononi.

Kazi yenyewe huonekana ndogo. Fundi hukata ukanda wa kitambaa, huulazia kamba katikati, huukunja na kuushona karibu na kamba. Kisha huuweka baina ya vipande viwili vya mto au mkoba, kamba ikitazama ndani na kingo za vitambaa vyote zikiwa sawa, akashona tena. Kazi ikigeuzwa, kamba hujitokeza ukingoni. Kamba yenye kipenyo cha milimita 5 ina mzingo wa karibu milimita 16. Ongeza milimita 12 za ziada ya mshono kila upande, unapata ukanda wa sentimita 4. Mto wa sentimita 45 kila upande unataka sentimita 180 za kuuzunguka, na kumi hivi za kuungia.

Siri iko kwenye namna ya kuukata ukanda huo. Kitambaa kilichofumwa ni mtande na mshindo vinavyokutana kwa pembe mraba. Ukikivuta kufuata mtande, kinagoma. Ukikivuta kufuata mshindo, kinagoma vilevile. Ukikivuta kimshazari, au hanamu kama walivyosema mafundi wa zamani, vile vijimraba vidogo baina ya nyuzi hulegea na kulala upande, na kitambaa kinanyumbuka bila mpira wowote ndani yake. Ukanda uliokatwa hivyo huzunguka pembe bila kukunjamana. Ule uliokatwa sambamba na mtande, ukifika kwenye pembe ya duara, unaanza kujikusanya na kufanya mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa. Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mavazi Paris mwaka 1912, alipata sifa kwa kukata gauni zima kimshazari. Washonaji wa paipingi walikuwa wakiitumia sifa hiyohiyo ya kitambaa miongo mingi kabla yake, kwa upana wa vidole viwili tu, na hakuna aliyewaandika magazetini.

Wengi huogopa kukata hanamu kwa kudhani inakula kitambaa. Si hivyo. Mraba wa sentimita 50 ukikatwa kimshazari na vipande vikaungwa, hutoa takriban mita sita za ukanda wa sentimita 4, na mito mitatu ya kipimo nilichotaja hupata haki yake. Ila ni kweli kwamba kwa mito ya makochi yenye kingo zilizonyooka baadhi ya mafundi hukata sambamba na uzi kwa makusudi, hasa kama kitambaa kina mistari na wanataka mistari hiyo isimame wima kwenye paipingi. Hao siwalaumu. Ninaowalaumu ni wale wanaokata hivyo kwa mkoba wenye kitako cha mviringo, kisha wakaficha mikunjo kwa kuongeza ua la kitambaa.

Pembe ndiyo mtihani. Ziada ya mshono ya ukanda hukatwa vijipengo kwa ncha ya mkasi, pasipo kuugusa uzi wa mshono, ili ifunguke inapopinda. Mwenye uzoefu pia hazungushi pembe kali kabisa. Huichonga kidogo iwe na mviringo usioonekana. Mguu wa cherehani unaotumika kushonea zipu ndio unaofaa hapa, kwa kuwa unaruhusu sindano kuikaribia kamba kutoka upande mmoja. Mshono wa kwanza, ule wa kufungia kamba, uache nafasi kidogo. Wa pili ndio uibane. Ukibana tangu mwanzo, uzi wa kwanza utachungulia nje siku mto utakapokaliwa. Na kamba ikiwa ya pamba, ifuliwe kabla: itarudi siku moja kwa vyovyote, na ni heri irudi ikiwa ndani ya beseni kuliko ikiwa ndani ya mto.

Kwa nini basi watu walijitesa hivi? Magauni ya wanawake wa Ulaya na Marekani ya miaka ya 1830 hadi 1850 yanajibu vizuri kuliko mito. Ukiyatazama kwa karibu, mengi yana paipingi nyembamba sana, kwa kawaida ya kitambaa kilekile cha gauni, kwenye duara la kwapa, kiunoni na shingoni. Kwa mbali haionekani kabisa. Kwa hiyo pambo halikuwa sababu ya kwanza. Nguo zile zilibana kiwiliwili, na zilishonwa kwa mkono. Kila mara mvaaji alipoinua mkono, uzi mmoja mwembamba ndio uliobeba mvuto wote. Kamba iliyofungwa ndani ya mshono iligawa mvuto huo, ikazuia ukingo uliokatwa usijinyooshe na kuchambuka. Hataza ya cherehani ya Elias Howe ilitolewa mwaka 1846, na ya Isaac Singer mwaka 1851. Baada ya mashine kuenea, mishono mingi iliweza kusimama yenyewe bila kamba. Paipingi haikuondoka. Ilibaki ikiwa na kazi chache zaidi na macho mengi zaidi juu yake, na sehemu kubwa ya paipingi tunayoiona leo imeanzia katika ustaafu huo.

Uchina ilipita njia nyingine. Mafundi wa huko walikuwa na aina kadhaa za kingo za mavazi: ukanda unaofunika ukingo, ukanda unaobandikwa pembeni mwake, na ule mwembamba wenye uzi ndani unaobanwa katikati ya vipande viwili. Hariri ni kitambaa kitelezi, na ikikatwa hanamu hukimbia mikononi. Dawa yao ilikuwa gundi ya wanga: hariri hupakwa nyuma, huachwa ikauke na kukakamaa, ndipo hukatwa. Kwa hiyo ukanda unakatwa ukiwa na nidhamu ya karatasi na unashonwa ukiwa bado na mnyumbuko wa mshazari. Kiufundi, sijui mbinu nzuri kuliko hiyo kwa vitambaa laini, na fundi yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anayehangaika na satini angefaidika nayo.

Lakini Wachina hao hao walionyesha pia kingo zinavyoweza kumeza nguo. Katika karne ya 19, chini ya watawala wa mwisho wa nasaba ya Qing, mavazi ya wanawake yaliongezewa mikanda juu ya mikanda hadi ikazungumzwa habari ya kingo kumi na nane kwenye vazi moja. Kitambaa chenyewe kilibaki kidirisha tu katikati. Eileen Chang, katika insha yake ya mwaka 1943 kuhusu mavazi ya Kichina, hakuuonea huruma mrundikano huo wa mambo madogo yasiyo na kazi. Kufikia Shanghai ya miaka ya 1930, chipao, vazi la wanawake wa Kichina, ilikuwa imerudi kwenye ukingo mmoja au miwili myembamba. Ukingo huo mmoja ulirudishiwa kazi: kushika shingo iliyosimama na mpasuo wa pembeni, sehemu mbili ambako vazi lingeharibika kwanza.

Kwetu pwani jambo liko tofauti tangu mwanzo, kwa sababu mkeka haukatwi kutoka jora. Msusi huanza na chane za ukindu au miyaa, husuka ukili mrefu, na kila chane inapofika ukingoni hujikunja na kurudi ndani ya msuko. Ukingo wa ukili umejifunga wenyewe, hauna kilichokatwa. Kisha ukili huungwa na ukili mwenzake. Pale tu ncha zinapokatwa, mwisho wa mkeka, ndipo utakuta zimekunjwa au zimefungwa kwa ukanda wa kitambaa. Huo kwangu ni ushahidi unaotosha: mikono ileile, mti uleule, na ukingo unavikwa pale tu mkasi ulipopita.

Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu kinaenda mbali zaidi. Kinaanzia kitakoni na kupanda kwa mzunguko hadi mdomoni bila mshono hata mmoja. Ngozi inayowekwa leo mdomoni na kwenye mikono ya kubebea ni nyongeza mwishoni mwa kazi. Kuna mikoba ya kiondo inayouzwa ikiwa imezungushiwa paipingi ya kitambaa ubavuni, mahali ambapo hakuna kiungo chochote. Mtu ameona mkoba wa Ulaya una mstari hapo, akauchora. Hiyo ndiyo paipingi isiyo na mshono wa kuulinda, na siipendi hata ikishonwa kwa ustadi.

Hata hivyo ususi nao una kamba zake zilizofichwa. Mwanaakiolojia Willeke Wendrich, ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu ususi wa vikapu kilitoka mwaka 1999, amechunguza vikapu vya kale vya Misri na Nubia ambamo misuko ya makuti iliungwa kwa kupitisha uzi ndani ya vitanzi vya kingo zake. Uzi hauonekani tena. Kinachoonekana ni tuta jembamba linalofuata kila kiungo. Aliyeshika kikapu cha aina hiyo ameshika kitu kilicho karibu sana na paipingi, ila kamba yake haikuongezwa ili kuvika mshono. Kamba ndiyo mshono wenyewe.

Nikiwa hapo siwezi kuupita mtepe. Vyombo vya kushonwa vya pwani yetu vimetajwa tangu karne ya 1, katika kile kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa Bahari ya Hindi kinachoitaja bandari ya Rhapta. Mbao zilitobolewa kingoni na kufungwa kwa kamba za makumbi, na juu ya kiungo, chini ya mishono, kuliwekwa nyuzi zilizosokotwa kama mlazo mnene. Kamba zilipokazwa, mlazo ule ulibanwa ukaziba upenyo. Omani ilipojenga Jewel of Muscat, jahazi la kushonwa lililosafiri hadi Singapore mwaka 2010, wajenzi walilazimika kujifunza tena ustadi huo wa kukaza kamba juu ya nyuzi. Wanaodhani mshono wenye kamba ndani ni urembo wa sebuleni wakumbuke kwamba ulivuka bahari.

Turudi Japani, maana huko ndiko hoja yangu ingeweza kuvunjika. Tatami nayo ni mkeka, na bado ina ukingo wa kitambaa, tena wenye itifaki. Katika jamii ya kale ya Kijapani rangi na nakshi ya ukingo ilionyesha cheo: milia ya rangi nyingi kwa mfalme na walio karibu naye, nakshi nyeusi juu ya nyeupe kwa makabaila. Hadi leo watoto hufundishwa wasiukanyage. Kwa haraka mtu angesema: basi hapa ukingo ni heshima tu, mkasi hauhusiki.

Ukiufunua utaona unahusika. Katika tatami ya kawaida matete ya igusa hulazwa kwa upana wa mkeka, yakishikwa na nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Maana yake ncha zilizokatwa ziko kwenye pande ndefu, na ni pande hizo mbili tu zinazovikwa kitambaa. Pande fupi hukunjwa na kushonewa chini, basi. Ushahidi mzuri zaidi ni tatami za aina ya Ryukyu, ambazo hazina ukingo kabisa. Zilisukwa kwa mmea mwingine, shichitoi, ambao bua lake ni la pembetatu na hupasuliwa kabla ya kukaushwa. Siku hizi hulimwa zaidi Kunisaki, katika mkoa wa Oita. Nyuzi zake ni ngumu kiasi cha kukunjwa ukingoni bila kuvunjika. Igusa haivumilii kirahisi hivyo. Cheo kilikuja kukaa juu ya kitambaa ambacho mmea ulishakidai.

Ngozi ndiyo inayonisumbua zaidi. Haina mtande wala mshindo, haichambuki ikikatwa, na kwa kanuni yangu isingehitaji paipingi. Lakini mikoba ya ngozi ya Ulaya imejaa paipingi, hasa kwenye pembe na kuzunguka ubavu. Sababu ni msuguano. Mkoba huwekwa chini, husukumwa chini ya kiti, hukwaruza ukuta. Kilichojitokeza zaidi ndicho kinachokwaruzwa. Fundi hutanguliza kamba iliyovishwa ngozi nyembamba, iliyopunguzwa unene kwa kisu ili ikubali kupinda, iumie badala ya mshono. Wanaokarabati mikoba ya bei kubwa wanajua: pembe za paipingi ndizo huchanika kwanza, nazo zinabadilishika bila kugusa mwili wa mkoba. Kwa hiyo nairekebisha kanuni: kamba hufuata ukingo uliokatwa, au mahali kitu kinapogusana na dunia. Siti za bodaboda na daladala, zenye ngozi ya plastiki nyeusi na mstari mwekundu au njano kwenye kila kiungo, zinakusanya sababu zote mbili, na ya tatu ya majivuno, ambayo sioni aibu kuikubali.

Suala gumu kwetu ni kanga. Kanga ni kitambaa cha mstatili, takriban mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi, kilichochapwa kikiwa na fremu yake: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina. Kwa kujifunga hakuna haja ya kukata ndani ya fremu hiyo. Mtu hununua doti, huitenga mbili, hupinda ncha, anavaa. Siku inapogeuzwa kuwa mto au mkoba, mkasi unaingia palipokuwa hapana mkasi. Fundi anayechukua mji peke yake hupata ua zuri lisilo na mpaka, na hapo paipingi ina kazi halisi: inaurudisha ukingo ambao mkasi umeuondoa. Wengi hujaribu kutengeneza paipingi hiyo kwa pindo lenyewe. Wazo ni zuri, ila pindo limechapwa sambamba na uzi, haliwezi kuzunguka pembe, na nakshi yake pana ikikunjwa juu ya kamba ya milimita 5 haisomeki tena. Afadhali kitambaa cha rangi moja, kilichokatwa hanamu, na rangi ichaguliwe kutoka ile iliyo chache zaidi kwenye mji. Rangi iliyotawala mji ikiwekwa ukingoni hupotea.

Kitenge kina tabu nyingine: nakshi yake imeenea bila mpaka, na paipingi ya kitenge kilekile huonekana kama vipande vya makosa.

Wajapani wa Kojima, katika mji wa Kurashiki, wametatua jambo kama hili kwa kinyume. Kojima ni kitovu cha ufumaji wa kingo za tatami, mikanda myembamba ya upana wa sentimita nane hivi, na nyumba zenye vyumba vya tatami zilipopungua, mikanda hiyo ilianza kununuliwa na washonaji wa mikoba. Wao huilaza ukanda kando ya ukanda na kuishona. Kwa kuwa kila ukanda umefumwa na kingo zake zikiwa zimejifunga, mkoba mzima unaweza kushonwa bila ukingo uliochambuka kuonekana nje, wala kipande cha paipingi. Wanaushona kama msusi wa Pemba anavyounga ukili.

Nasi tunaweza kuazima hapo. Ukingo mrefu wa kanga umefumwa, haukukatwa. Ukiutumia kama mdomo wa mkoba, na pindo likabaki mahali pake chini yake, jina likaanguka ubavuni, hakuna cha kuvika huko juu. Bitana itahitajika, kwa sababu kanga ni nyepesi. Kamba ningeiweka kitakoni tu, nene, ya rangi isiyoonyesha uchafu, pale mkoba unapokutana na sakafu ya daladala.